Kuruta Shikamoo

Kilosa, Jumamosi, tarehe 18 Aprili 2026. Mimi, Kishiwa Masunga wa Kidato cha Sita, niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya sherehe ya kuaga, naahidi kusema yote, pamoja na yale ambayo mwenyewe aliniambia niyaruke.

Tarehe 30 mwezi huu Matroni Tumwagile Gabrieli anastaafu, baada ya kuitumikia shule yetu kwa miaka thelathini na minane. Alizaliwa Ruhembe mwaka 1966, binti wa mkata miwa. Aliajiriwa hapa Januari 1988 akiwa mhudumu wa ofisi, na mwaka 1994 akakabidhiwa bweni la wasichana. Tangu hapo amezima moto wa pasi mara mbili, amefukuza nyani jikoni kwa mwiko, na amewafundisha wasichana wasio na idadi kutandika kitanda. Hapigi kelele. Husimama tu mlangoni na kusema, "Shuka lako lina mawimbi, mwanangu. Tandua."

Nilipomuuliza alijifunzia wapi kutandika hivyo, alijibu kwamba ni jeshini. Mwaka 1986 alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, kama vijana wote waliomaliza shule wakati ule. Nikaomba anisimulie zoezi lililokuwa gumu kuliko yote. Alikuwa anakunja mablanketi, na hakuacha kukunja. "Tulitembea, tukafika," alisema. "Andika hivyo, inatosha."

Haikutosha. Mwalimu Makarius, anayesimamia sherehe hii, alinituma Magomeni, hapa hapa Kilosa, kwa Mzee Abubakari, muuza vipuri vya baiskeli, ambaye alikuwa kuruta pamoja naye. Nilimwamkia, akaitikia, kisha nikataja jina la Matroni. Akaweka chini spoku alizokuwa ameshika, akacheka hadi akafuta macho. "Kuruta Shikamoo!" alisema. "Kumbe bado yupo kazini?"

Jina hilo lilitokana na kosa la siku ya kwanza. Kambini mkufunzi haamkiwi kama mzazi, kuruta anakaza mwili na kusema "Jambo, afande!" Lakini Tumwagile alilelewa kwenye nyumba ambayo mtoto asiyeamkia wakubwa hali chakula. Koplo Kulwa alipopita mbele yake, yeye akainama kidogo na kusema, "Shikamoo."

"Shikamoo ni ya kwenu, kwa bibi yako!" Koplo alinguruma. "Hapa unasemaje?"

"Jambo, afande!"

"Kichura thelathini!"

Akaruka kichura thelathini. Kesho yake ulimi ukateleza tena, akaruka hamsini. Kombania nzima ikamjua.

Kisha ikaja siku ya matembezi marefu: kilomita arobaini, bunduki begani, begi la mchanga mgongoni. Ukitaka kuupima umbali huo, ondoka hapa Kilosa kwa miguu uende Ulaya, na wageni wetu waelewe kwamba nasema Ulaya yetu, ya njia ya Mikumi. Nyuma ya makuruta lilitambaa lori. Aliyeshindwa aliruhusiwa kupanda, ila aliyepanda alirudia mafunzo yote na kundi lililofuata. Kwa Tumwagile hilo lilikuwa jambo zito. Baba yake alikuwa amejikata mguu kwa panga shambani, hakati miwa tena, na yeye ndiye mkubwa wa watoto saba. Bila cheti cha jeshi hakuna ambaye angemwajiri.

Alikuwa mfupi kuliko wote na buti zake zilimzidi namba mbili. Zilipoanza kumchubua, alichuma majani na kuyajaza ndani. Kufikia saa saba mchana alikuwa wa mwisho, na lori lilikuwa nyuma yake kabisa, likimpulizia moshi.

"Panda, dada!" dereva aliita. "Utachelewa hata maharage!"

Hakugeuka. Koplo Kulwa alirudi kumtazama, akatembea sambamba naye. "Kuruta, gari lile ni la mizigo. Wewe ni mzigo?"

"Hapana, afande!"

"Basi tembea." Akamwacha, akawahi mbele.

Ndipo, kwa maelezo ya Mzee Abubakari, makuruta waliokuwa mbele wakasikia sauti nyuma yao. Mnajua mchakamchaka unavyoimbwa: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Tumwagile hakuwa na wa kumwitikia. Alikuwa akijianzishia na kujiitikia mwenyewe, sauti nene akianzisha, nyembamba akiitikia. Walimcheka, kisha wakawa wanamsikiliza. Kila wimbo ulipokatika walidhani amepanda lori, na kila ulipoanza tena walijua hajapanda, hadi umbali ulipoimeza sauti.

Aliingia getini saa mbili nzima baada ya wenzake. Koplo Kulwa alikuwa bado amesimama palepale, na makuruta waliotakiwa kupumzika walikuwa wamejipanga kumwangalia. Tumwagile akakaza mwili, akafungua mdomo, na kwa uchovu likatoka lile lile.

"Shikamoo."

Abubakari alifumba macho akisubiri kichura. Koplo alimvua begi kwa mikono yake mwenyewe.

"Marahaba," alisema. "Umefika?"

"Nimefika."

"Kanywe uji."

Nilirudi shuleni. Wasichana wote waliopita bweni letu wanalijua swali hilo la Koplo. Siku ya kufungua shule Matroni huketi getini, na kila anayeingia huulizwa, "Umefika?" hata kama mama yake amemshika mkono na begi liko kichwani. Tulidhani ni mazoea ya utu uzima. Mwaka juzi mvua zilipokata barabara, Getrude, anayetokea Mikumi, alifika siku moja baada ya wenzake, matope hadi magotini. Kiti kilikuwa getini, na mtu alikuwa kwenye kiti. Mimi ni wa mwisho katika kila mchakamchaka tangu Kidato cha Tano. Sijawahi kumkosa pale mwisho, wala sijawahi kumsikia akiniambia niongeze mwendo.

Matroni, shikamoo. Kwa niaba ya shule nzima nakushukuru. Nenda Ruhembe ukapumzike, miguu yako ipate viatu vinavyokutosha, na kila utakakokwenda kuwe na mtu getini wa kukuuliza kama umefika.

Bado jambo moja, ambalo Mzee Abubakari amelisahau na wewe nilipokuuliza ulilicheka tu. Mwezi ujao tunafanya mtihani, kisha majina yetu ya kwenda jeshini yatatoka, na nina hakika nitakuwa nyuma. Naomba unijibu kwa barua kabla sijaondoka, hata kama ni mstari mmoja: ulipobaki peke yako na lori lile, ulikuwa unaimba wimbo gani?