Miko ya Mzee Patasi

Kwa heshima na taadhima, familia inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki kwamba tunayemzika leo ndiye mchongaji aliyetengeneza miko mingi kuliko mtu yeyote katika ukoo huu, na kwamba hakukusudia kutengeneza hata mmoja.

Mzee Patasi alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala, katika nyumba iliyopakana na kiwanda cha mbao. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alilala fofofo msumeno ukinguruma, ukinyamaza tu anaamka na kulia.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, baada ya kuchapwa kwa kosa la kuchonga sura ya mwalimu mkuu kwenye dawati. Mwalimu mkuu alimaliza kuchapa, akalitazama tena dawati, akaamuru lihamishiwe ofisini kwake. Baadaye marehemu alijiunga na chuo cha sanaa, akaacha mwaka wa pili. Wazazi aliwaambia kwamba walimu wanaongea sana kuhusu mbao bila kuzigusa. Sababu ya kweli alimwambia mkewe peke yake, naye mkewe akatuambia sisi wote: aliona kazi za wenzake, akajiona hafai.

Mwaka 1974 alifungua karakana nyuma ya nyumba. Alichonga milango na viti ili apate chakula, na vichwa vya watu kwa sababu ndivyo alivyovipenda. Shida yake ilikuwa kutojua pa kuachia. Akiona shavu limezidi, analipunguza. Kisha inabidi apunguze na la pili yalingane. Kisha kidevu kinabaki kikubwa kama kiatu. Na mti ukishakatwa, umekatwa.

Tarehe 12 Agosti 1979 alimwoa mshonaji tuliyemjua kama Mama Uzi, wakajaliwa binti mmoja na mwana mmoja. Mama Uzi alihamishia cherehani yake karakanani. Alishona huku akimtazama mumewe kwa jicho la pembeni, na kichwa kikifika pale kilipotakiwa kufika, aliinuka na kumnyang'anya patasi. "Imetosha, baba. Njoo ule." Vichwa vyote mlivyoviona kwenye maonyesho vilikamilishwa na mwanamke ambaye hakuwahi kuchonga hata kijiti cha meno.

Mama Uzi alifariki mwaka 2009. Baada ya msiba, mumewe akaamua kuchonga sura yake. Hapo ndipo miko ilipoanza.

Kila gogo lilianza na mkewe. Sura ikapunguzwa ikawa shingo, shingo ikawa fimbo, na kwa aibu ya kupoteza mti mzuri, mzee akaimalizia fimbo kuwa mwiko na kumgawia yeyote aliyepita. Mkwewe aliusifu sana wa kwake, akaomba wa pili. Mzee akarudi karakanani kujaribu upya. Tulikoroga uji hivyo kwa miaka, hadi binti yake alipombana aseme hiyo miko yote ni ya nini. Akamjibu, "Nikifunga macho namwona. Nikishika patasi anaondoka."

Tulimsihi apumzike. Kila asubuhi aliendelea kufungua karakana, kufagia, kunoa, na kukaa. Siku nyingine hakukata hata kidogo. Alisema kama kazi itakuja kukubali, basi imkute pale.

Mwaka 2021 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, na daktari akatuambia ugonjwa huo hauna kurudi nyuma. Mzee akawa anaifunga patasi kiganjani kwa kitambaa. Juni mwaka huu wa 2024, binti yake alikwenda kumwita kula, akamkuta ameketi, kitambaa kimefunguliwa, na mbele yake mama yetu: macho ameyainamisha kwenye mshono, midomo imebana pini.

"Mkono umegoma," alisema, kama mtu aliyefumaniwa. "Ungekuwa mzima, naye angekuwa mwiko."

Binti yake alikaa chini kwenye vumbi la mbao akalia. Mzee alimpigapiga begani kwa mkono ule ule uliogoma.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 19 Julai, kichwa hicho kikiwa juu ya kabati, mkabala na kitanda chake.

Ameacha binti, mwana, wakwe wawili, wajukuu watano na dada yake mdogo. Miko tumeiosha na kuitundika ukutani. Mliokuwa mkiisubiri jikoni leo, mtatuwia radhi.

Mungu amlaze mahali penye utulivu, na amkutanishe na anayejua kumwambia imetosha. Tungependa kuandika kwamba aliondoka ameridhika na kazi yake. Jioni ya mwisho mwanawe alimsogezea kile kichwa, akamwambia, baba, umeweza, huyu ni mama mtupu. Mzee Patasi alikigeuza upande kwenye mwanga.

"Pua ni ya mama mkwe."