Karakana Isinyamaze

Ndugu zangu, mama zangu, na nyinyi mafundi wa benchi la nyuma mlioanza kucheka kabla sijafungua mdomo: nimeombwa niseme nilivyopoteza nyumba na nilivyopata nyingine. Nitasema, ila majina sitayataja. Siku hizi mnazijua.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipokuwa Kasubi, upande ule wa Kampala, kutoka kitandani mpaka barazani ilikuwa safari ya kutosha. Wenzangu wakienda mpirani, mimi napiga pasi mapazia. Basi akaja bwana mmoja mwenye gari na bunduki, akayasifu mapazia. Akasifu na chumba cha kulala. Jioni ileile nikawa barabarani na sanduku langu la bati na mto. Cheti changu cha sekondari nilikisahau ndani, mto nikaukumbuka.

Nikalala Nakasero, kwenye baraza za maduka ambayo wenyewe, Wahindi, walikwisha kufukuzwa nchini. Watu wakiniona walivuka upande wa pili, maana anayelala nje alihesabiwa mwizi. Mpaka siku moja akapita fundi wa masanduku, mtu wa hapahapa Katwe, akasimama.

"Hili nililigonga mimi," akasema. "Limedumu kuliko mwenyewe."

Akanichukua nilale kwenye karakana yake. Sharti lilikuwa moja. Sisi tunalijua, lakini wageni waelewe: fundi akienda kula, karakana isinyamaze. Ikinyamaza, kondo, yaani hawa majambazi wetu, wanajua haina mtu. Basi kila mchana nilikaa juu ya mto wangu, nikigonga kipande cha bati kibovu, sitengenezi chochote. Kazi iliyonifaa kabisa.

"Bati zangu zikiondoka," fundi akaniambia, "na wewe ondoka nazo." Hakuwa mkali. Bati zilikuwa hazipatikani mjini kote, na yeye alikuwa na watoto. Nami sikuwa na baraza nyingine ya kurudi.

Mchana mmoja wakaingia wawili, mmoja na panga. Gari lao lilikuwa likinguruma nje.

"Endelea kugonga, mzee," akasema yule wa panga, kwa adabu kabisa. Mwenzake akaanza kubeba.

Nikagonga kwa nguvu zangu zote, nikidhani mtaisikia hatari. Jirani yetu, mama muuza uji, akaniita kutoka upande wa pili wa ukuta: "Leo ssebo, bwana wangu, umekula nini? Tutakupa na wewe sanduku utengeneze!" Mkacheka. Niliwasikia.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoelewa: kelele yangu ilikuwa inawalinda hao wezi. Nikaweka nyundo chini.

"Gonga," akasema yule wa panga.

Sikugonga. Msiniite shujaa; mkono ulikuwa umekufa ganzi. Ila ulikufa ganzi mahali pazuri.

Mama wa uji, aliposikia nyundo imekoma, akaja kunigombeza, kwa kuwa niliwahi kusinzia kazini. "Umelala tena, we mtu wa mto?" Akachungulia, akaona. Nduru aliyopiga mnaikumbuka. Nyundo zote za Katwe zikanyamaza, kisha mkaja nazo mkononi. Yule wa panga akatazama mlango ulivyojaa, akasema walikuwa wanauliza bei tu. Bati zikabaki. Moja ilikanyagwa ikapinda, na fundi ananikumbusha mpaka leo.

Baada ya hapo mkanijengea chumba nyuma ya karakana, kwa mabaki ya bati ya kila mmoja wenu. Mvua ikinyesha, ukuta mmoja unalia tofauti na mwingine. Ahsante, fundi. Ahsante, mama, kwa uji na kwa matusi. Ahsanteni nyote mlioacha kazi mkaja bila kujua mngekuta nini.

Funzo langu si refu. Anayelala nje mnamwogopa. Lakini mpeni mlango, ataulinda kuliko askari, maana hapo ndipo anapolala.

Tena najua karakana ya kufuli na ile ya majiko bado zinanyamaza mchana. Kwa hiyo sikuja peke yangu. Yule aliyesimama mlangoni na koti la kijivu nililala naye baraza moja Nakasero. Anakoroma, siwafichi. Kugonga hajui, ila hata mimi nilifundishwa.

Naona mama wa uji anasogea kwenye benchi kuacha nafasi. Bwana, ingia ukae.