Bi Mkubwa Kapumzishwa na Nani

Benchi la kona ile ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, ukitazamana na geti la nyuma la kiwanda cha chupa za plastiki. Wanaolikalia wana majina ya benchini, na kila jina lina sababu yake. Kinyozi anaitwa Wakili, kwa kuwa hajawahi kushindwa kesi isiyomhusu. Fundi baiskeli anaitwa Daktari, kwa kuwa huitegea sikio baiskeli kabla ya kuishika. Muuza kahawa ni Shangazi, naye ndiye anayewakaripia wote. Geji, mhudumu wa mashine za upepo, alipewa jina lake na waliomwona kazini akikodolea macho mshale wa presha tangu anaingia mpaka anatoka. Jioni hiyo alikuwa anakodolea kikombe. Alikuwa amesimamishwa kazi, na kesho yake asubuhi angesimama mbele ya meneja kueleza kwa nini kiwanda kizima kilizimika.

Hasira yake ilikuwa na mizizi. Katika chumba cha upepo mna kompresa tatu zinazojaza tangi moja, na upepo wa tangi hilo ndio unaopuliza chupa. Ile kubwa Geji aliiita Bi Mkubwa, na zile mbili ndogo, Mapacha. Miaka yote mkono wake ndio uliowaamsha na kuwalaza. Kisha kikaja kisanduku, kikapigiliwa ukutani. Kinasoma presha chenyewe na kuziita mashine kwa foleni: moja inaongoza, ikizidiwa inaitwa ya pili, halafu ya tatu, na kila moja inasubiri iliyotangulia ishike mwendo ndipo iwake, umeme usije ukaelemewa.

— Siku nenda siku rudi Mapacha wanahangaika, Bi Mkubwa kanyamaza kama mgeni aliyenyimwa kiti, akasema Geji. Nami nikae nitazame?

— Ungetazamaje? akasema Wakili. Fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse watatu na kisanduku.

Basi Geji hakutazama. Aliigeuza swichi ya Bi Mkubwa, akamtoa kwenye foleni na kumwasha kwa mkono, bila kisanduku kuwa na habari. Bi Mkubwa akalijaza tangi, Mapacha wakalala. Tangi liliposhiba, naye akalala. Presha iliposhuka, kisanduku kiliwaita Mapacha zamu kwa zamu, kama kilivyofundishwa, lakini Bi Mkubwa hakungoja zamu ya mtu. Akaamka wakati uleule na pacha wa kwanza, na swichi kuu ikaelemewa, ikakata umeme. Chupa zikabaki ndani ya kalibu zimebonyea kama mashavu ya kibogoyo.

— Nani kalaumiwa? Mimi. Kisanduku hakijaandikiwa hata barua ya onyo.

Hapo benchi likawaka. Daktari alishikilia kuwa kisanduku kilifanya makusudi, maana mgeni yeyote akitaka kudumu lazima amchongee mwenyeji. Wakili akaona hilo ni dogo. Kwake yeye, mashine zilikuwa majaribio tu, na karibuni wangepangwa watu: mmoja aongoze, wengine walale mpaka waitwe.

— Kitaingia hata majumbani, akaongeza Daktari. Mke akizidiwa na kazi, mume anaitwa.

— Hicho nakitaka leo hii, akasema Shangazi.

Wakili hakucheka. Alisimama, akaweka mkono kifuani.

— Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Maana yake nini? Mapacha wangelijaza tangi kidogo kidogo mpaka lipasuke, mtaa uruke. Geji ametuokoa. Kesho asiombe radhi hata kidogo. Adai kushukuriwa.

Mgongo wa Geji ukanyooka. Alianza kujaribu maneno ya kesho, kwamba kisanduku hakina uzoefu, kwamba hakijui hata harufu ya mkanda unaoungua, na kila alipopunguza ukali Wakili alimwongezea.

Mwishoni mwa ubao alikuwa ameketi mama mmoja mwenye ovaroli mpya, aliyekuwa anaanza kazi ya kufungasha chupa kwa zamu ya jioni hiyo. Alikuwa amenunua kahawa, akainywa huku akisikiliza. Sasa akamgeukia Geji.

— Shikamoo, baba. Samahani kuwaingilia. Siku ile, kabla hujamwasha Bi Mkubwa, upepo ulikuwa umepungua?

Wakili alikohoa. Daktari akaona kasoro fulani kwenye kiatu chake. Geji aliuona tena akilini mshale wa siku ile, ukiwa umesimama palepale ulipotakiwa kusimama, na Mapacha wakinguruma bila taabu, na yeye mwenyewe kando yao, mikono mitupu.

— Bi Mkubwa alikuwa baridi, akasema. Nilimgusa ubavuni, nikamkuta baridi kabisa.

— Pole, baba. Lakini nimeuliza upepo.

King'ora cha zamu kikalia. Mama akarudisha kikombe, akashukuru, akaingia getini. Wakili akamnyooshea Shangazi kikombe chake kitupu, na macho yake yalionyesha kuwa anatafuta methali haipati.

— Imekwisha, akasema Shangazi, akifunika birika. Na kesho meneja atamuuliza Geji hivyohivyo, wala ninyi hamtakuwepo.