Meza ya Mgombea

Asubuhi ile, baada ya mkutano wa kampeni, kijiwe cha kahawa cha Nurdini karibu na stendi ya Mbinga kilikuwa kelele tupu. Mgombea ubunge alikuwa ametangaza kwamba ulevi, ugomvi na watoto kuzurura vyote vinatokana na familia kutokula pamoja. Akichaguliwa, kila kaya itapata meza kubwa. Benno alikunywa kahawa yake pembeni. Mkewe, Albina, alikuwa amerudi kwao Litembo tangu mavuno ya mahindi, na yeye usiku kucha alikuwa akiiwaza meza hiyo kama mgonjwa anavyowaza dawa.

— Iwe ya duara, alisema Kilian, ambaye kijiwe kizima kilimwita Waziri. Ikiwa na kona, baba atakaa konani anune.

— Duara haipiti mlangoni, Nurdini alimjibu huku akimimina. Tubomoe nyumba ili tuokoe ndoa?

— Bomoa! Tena iwe na kufuli. Mkishakaa, inawabana magoti mpaka mpatane.

— Na anayebanwa na haja?

— Apatane haraka!

Benno akauliza kwa sauti ya chini:

— Waziri, na kama mke hayupo?

— Hiyo ni meza ya awamu ya pili, bwana. Ina injini. Inamfuata yenyewe mpaka kwao, inapiga honi.

— Na kule Liparamba, kwenye hifadhi? aliuliza Nurdini.

— Kule za chuma. Tembo wakija, ukoo mzima unaingia chini. Mkitoka humo, mnapendana wenyewe.

Saida, nesi aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, alikuwa amefika kununua kahawa na kuyasikia hayo yote.

— Shikamooni. Samahani, kaka Benno. Hivi Albina anapenda kula nini?

Benno akafungua mdomo. Ugali na maharage, alitaka kusema, lakini hicho ndicho alichokipenda yeye. Akamgeukia Waziri.

— Mkeo je?

Waziri akachungulia kikombe chake. Nurdini naye akaanza kusugua birika. Benno akaita bodaboda.

Litembo alimkuta Albina akipepeta mahindi uani. Hata salamu aliisahau.

— Unapenda kula nini?

Albina akaweka ungo chini.

— Usipa, dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Wakiwa wa moto. Kwako, nikishakupakulia wewe, sijawahi kuwala wa moto.

Benno akavua koti, akauliza kuni ziko wapi.