Kisima Kimoja, Mtoto Mmoja

Shauri Namba 17 la Kamati ya Nidhamu ya Wanafunzi: Tuhuma ya Kubuni Mtoto Mmoja na Kisima Kimoja katika Zoezi la Taazia Lenye Alama Kumi na Tano. Hicho ndicho kichwa cha barua, wanangu, nimekisoma kama kilivyo, na enzi zangu pale gazetini ningekikata nusu, maana kichwa kirefu namna hiyo kwa kawaida kinaficha kitu. Leo nakiacha. Tegeni masikio, pumzi niliyobakiwa nayo si ya kupoteza, na wewe Munira hakikisha hiyo simu inarekodi, usije ukaniambia baadaye chaji iliisha ukanilazimisha kufa mara mbili.

Mjumbe Apolinari, ahsante kwa kuja na muhuri wako. Najua umesema hakuna fomu ya wosia wa mdomo, na bila fomu hujui ugonge wapi. Tutakutafutia mahali. Salma, mwanangu, niinue mto kidogo. Farhan, kitinda mimba wangu, zima hiyo feni, inakula maneno. Suleiman, wewe mkubwa wao, baki hapo mlangoni unaposimama siku zote. Wenzako wanadhani huipendi harufu ya dawa. Mie najua kwamba tangu nilipokijenga chumba hiki, miaka thelathini na nane iliyopita, hujavuka kizingiti chake hata mara moja. Ulipokuwa mtoto ulikuwa ukinipa chai kwa kunyoosha mkono kutoka hapo hapo, na nusu ya chai inamwagika sakafuni.

Nilichowaitia ni masomo ya binti yako. Munira yuko mwaka wa tatu chuoni, Shahada ya Uandishi wa Habari wa Kidijitali na Mawasiliano, jina refu kuliko ukumbi wanaosomea, lakini madaftari yake nimeyasoma yote na sikuyadharau. Wanafundishwa kuthibitisha kama picha ya mafuriko ni ya hapa kwetu Mbagala au ya nchi nyingine, wanafundishwa kuandika habari ya kusomwa na mtu anayevuka barabara. Mie kwa miaka thelathini na moja nilikuwa msahihishaji wa gazeti, kazi yangu kutafuta makosa ya wenzangu kabla mji haujayaona, na nilichojifunza ni kimoja: ukikosea jina la waziri utachapa samahani kesho yake yaishe, ukikosea jina la marehemu, nyumba ile haitakusamehe.

Mwalimu wao, Dokta Atuganile, aliwapa zoezi la kuandika taazia ya ndugu aliye bado hai. Msishtuke, si uchawi. Magazeti yote huandaa taazia za wakubwa mapema, zinakaa kabatini zikisubiri tarehe tu. Munira akanichagua mie. Akaja Ijumaa moja, akakaa hapa kitandani na kompyuta mapajani, mie nikaenda zangu msikitini kwa mkongojo. Niliporudi taazia ilikuwa imekwisha, maneno mia nne kamili, akanipa niisahihishe kwa penseli kama ilivyo kawaida yetu. Si haba kujisomea ulivyokufa. Nilikuwa mtu mwema, nikashangaa. Nikarekebisha koma mbili. Kisha nikafika kwenye sentensi ambayo tangu siku ile nimeihifadhi: “Ameacha watoto wanne, Suleiman, Mwanabaraka, Salma na Farhan, waliokulia katika nyumba yake ya Mbagala, ambamo chumba chake cha kulala kimejengwa juu ya kisima.”

Salma, usinikatize. Najua mmezoea kuwa watatu. Ndivyo mlivyoambiwa.

Nikamuuliza huyu mtoto, “Wanne umewatoa wapi?” Akanicheka. “Si wewe, Babu? Ulikuwa hapo dirishani unanitajia.” Nikamwambia nilikuwa msikitini. “Basi watoto wa jirani, maana sauti yenyewe ilikuwa ya kitoto kweli, inahesabu, Suleiman, Mwanabaraka, Salma, Farhan, halafu inaanza upya. Mie nikajua ni ishu za ukoo, nikaandika.” Nikamuuliza, na kisima? Hapo akaacha kucheka. “Hicho sijui, Babu. Nilisikia ndoo.”

Sasa sikilizeni kosa langu la uzeeni, maana la ujanani linakuja. Sisi wasahihishaji tuna alama zetu. Ukikata neno, kisha ukatambua hukustahili kulikata, unaweka vinukta chini yake, na maana ya vinukta ni hii: iache ilivyo, ni sahihi. Nililikata neno “wanne” nikaandika “watatu”. Kisha nikaweka vinukta, kimoja kimoja, vinne. Nilitaka nilione neno lile limechapwa mara moja tu kabla sijaondoka, sikuwaza zaidi ya hapo. Munira nimemfundisha alama hizo tangu yuko darasa la nne; akajua Babu amethibitisha, akaituma.

Chuoni kwao kila taazia hupigiwa simu ya uhakiki kwa ndugu mmoja, na namba aliyoiandika ni ya baba yake. Suleiman, walipompa binti yako ushahidi wa shauri lake aliniletea rekodi, nimekusikia. “Sisi ni watatu tu, mwalimu, na kisima hatuna, tuna bomba.” Bomba kweli tunalo. Kwa kanuni za chuo, anayebuni taarifa hufukuzwa, na kamati inakaa keshokutwa. Walimbana aseme nani alimpa habari ile. Angewatolea karatasi yenye vinukta vyangu angerudi darasani siku ileile. Hakuitoa. Alisema amekosea mwenyewe, na jana akaniambia ataacha chuo kabla hawajamfukuza, maana mtu anayesikia visivyopo hana haki ya kuandika habari. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu huyo hapo, macho mekundu, amenishikia simu, ananisitiri aibu asiyoijua.

Munira, ulisikia kilichopo.

Mwanabaraka alizaliwa kati ya Suleiman na Salma, mwaka themanini na mbili. Alikuwa na kovu dogo la pasi mkononi na alihesabu kila kitu: kuku, vifungo vya shati langu, watu waliokaa kwenye mkeka, akifika tisa anarukia ishirini, kisha anaanza upya. Farhan, wewe hukumkuta. Ulizaliwa miaka mitatu baada ya kifo chake, ndiyo maana Munira aliponiambia sauti ile ilikutaja na wewe, nilitafuta pa kukaa. Hana cheti cha kuzaliwa, kwa sababu mama yenu alijifungulia nyumbani na ofisi ilikuwa mbali; hana cheti cha kifo, kwa sababu ofisi ilipofikiwa ilitaka kwanza cheti cha kuzaliwa. Kwa serikali yetu tukufu hakuja na hakuondoka. Barua hii ya kamati, yenye nembo na kumbukumbu namba, ndiyo karatasi ya kwanza ya ofisi yoyote duniani kumgusa, na inamwita mtoto wa kubuni.

Tulimzika siku ileile kabla ya alasiri, wanaume saba, sita wameshatangulia. Mie na mama yenu tukakubaliana asitajwe. Kukubaliana ni neno la heshima. Nilisema, naye akanyamaza. Lakini mpaka mwaka aliofariki, mama yenu alipakua sahani nne za watoto, kisha moja akairudisha sufuriani bila kumtazama mtu, nanyi mkadhani anasahau hesabu. Kisima nikakiziba kwa zege, nikajenga chumba juu yake, nikaweka kitanda changu, maana niliona kama kuna mtu wa kulala hapo, basi awe mie. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mie maradhi yenyewe niliyatandikia shuka.

Na kila kiangazi, mvua hakuna, bomba limekauka wiki nzima, sakafu hii chini yangu hutoa jasho, duara kamili, kila ifikapo saa nne asubuhi. Watu wa maji niliwaita mara tatu. Mara ya tatu walikuja wanne na kifaa chenye taa, wakapiga magoti, wakasikiliza, mmoja wao akatoka nje akakataa kurudi, na mmoja wa waliobaki akaniandikia ripoti ninayoitunza: “Uvujaji Usio na Chanzo. Mteja ashauriwe kuhamisha kitanda.” Farhan, inama uguse hapo chini. Usiniambie mie, nalijua jibu. Mwonyeshe Mjumbe mkono wako.

Suleiman, nakuja kwako sasa. Wewe ulikuwa na miaka saba. Ulirudi kutoka dukani na chupa ya mafuta ya taa, ukakuta watu wamejaa uani, mama yako ndiyo kwanza anafika kutoka kliniki na Salma mgongoni, hata kanga hajaifungua. Na mie, mbele ya watu wote wale, nikauliza kwa sauti: “Nani kaacha mfuniko wa kisima wazi?” Nikakutazama wewe. Watu wakakutazama pia, kisha wakatazama pembeni kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyokuhukumu. Sikukupiga wala sikukugombeza, nikaitwa baba mwenye subira. Sikuuliza tena, na swali lile sikulifuta, mwaka wa thelathini na tisa huu. Nimekuona ukimkataza Munira kwenda kuogelea Kawe na wenzake, nimekuona ukifunika mapipa ya watu usiowajua mtaani, na chuo kilipokupigia simu ukamkana dada yako, nami sikukulaumu, kwa sababu najua ni nani aliyekufundisha kumkana.

Basi haya ndiyo maagizo. Nyumba igawanywe kisheria, sheikh mnaye, msimtajirishe wakili. Ile theluthi ninayoruhusiwa kumpa nimtakaye ni vitabu vyangu na kabati lake, navyo ni vya Munira. Kamusi kubwa imepungukiwa kurasa za herufi ya mwisho, atazizoea. Chumba hiki kisiwe fungu la mtu. Mkishanizika, vunjeni zege, msome dua, mkifukie kisima kwa mchanga safi, na msiache kazi hiyo mikononi mwa mafundi peke yao, mmoja wenu akae hapo mpaka kijae.

Mjumbe, toa kitabu chako cha wakazi. Andika: Mwanabaraka binti Shomari, miaka minne, wa nyumba hii. Usiniulize uandike kwenye safu ya waliohamia au waliohama. Andika katikati. Gonga sasa. Ahsante. Umegonga kichwa chini miguu juu, lakini unasomeka.

Munira, wewe unasoma mpaka mwisho, joho unalivaa. Maneno yangu haya yaandike yote, usinirembe, nikirudia neno liache, nikikohoa andika nilikohoa. Wapelekee kamati pamoja na ile karatasi yenye vinukta. Wakisema chanzo chako ni ndugu wa karibu na kina upendeleo, waambie ni kweli, na kwamba chanzo kinalala juu ya ushahidi. Na taazia yangu usiibadilishe. Jaza tarehe tu.

Maji... hapana, siyo ya kunywa. Nani anateka maji huko? Hakuna mtu? Haya. Kama hakuna, hakuna.

Sogeeni. Mungu awaweke mkono kwa mkono, awape riziki isiyo na kelele, na watoto wenu awajalie kutajwa majina yao yote, walio hai na waliotangulia, pasipo mtu kushusha sauti. Salma, radhi yangu unayo. Farhan, unayo. Munira, wewe nimekupa hata ambayo sikuwa nayo. Mto, Salma... ushushe. Hapo hapo.

Suleiman, ingia. Au baki, si neno, ilimradi unasikia. Siku ile nilikuwa zamu ya jioni. Asubuhi nikateka ndoo mbili za kuogea, nikaziacha zipate jua. Nikakaa barazani na gazeti la jana yake, natafuta kosa lililonipita. Nikaliona, ukurasa wa tatu. Nikalizungushia duara. Alikuwa uani anahesabu... halafu hakuwa anahesabu, nami nikaendelea kusoma. Wewe ulikuwa dukani. Mfuniko niliuacha wazi mimi.