Pikipiki ya Kumpokea Mama Mkwe

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na mimi ndiye mwenye chupa ya kahawa, kwa hiyo nasikia yote, hata yasiyonihusu. Asubuhi ile Seremala alisimamisha pikipiki yake ndogo mbele yetu, shati limepigwa pasi, uso umemkauka. Mama mkwe wake alikuwa njiani kwa basi. Mama huyo hakuitaka ndoa ile tangu posa, hajawahi kukanyaga nyumbani kwao, na sasa anakuja mwenyewe. Seremala alikuwa ameahidi kumpokea stendi. Akaiacha pikipiki inaunguruma, akaomba kikombe kimoja tu. Hapo ndipo alipokosea.

Pampu, mstaafu wa mitambo ya maji, alitega sikio.

Pampu: Mbona inakohoa?

Seremala: Haikohoi, mzee. Ndiyo sauti yake.

Pampu: Mimi nimelala na injini tangu wewe hujaota ndevu. Kabureta inavuta hewa vibaya. Lete bisibisi.

Kinyozi (ametokeza mlangoni, mkasi mkononi): Hewa wapi! Petroli imelala kwenye tangi.

Seremala: Nimejaza sasa hivi.

Kinyozi: Basi haijaamka.

Pampu akaishika skrubu ya kabureta, akaifungua kama anafungulia maji mtaa mzima. Injini ikapiga kelele, vikombe vyangu vikacheza kwenye sinia.

Seremala: Mzee! Mama atadhani namtorosha!

Kinyozi: Nipishe. Hii kazi inataka mkono mwepesi.

Akachomeka ncha ya mkasi, akapunguza, akarudi nyuma kutazama, akapunguza tena, namna anavyonyoa kisogo cha bwana harusi. Injini ikashuka mpaka ikawa inahema. Seremala uvumilivu ukamwisha. Akanyakua bisibisi, na kwa kuwa maishani mwake hajawahi kuacha skrubu imelegea, akaikaza mpaka mwisho.

Puf. Kimya.

Mimi: Nani anakumbuka ilikuwa imekaa wapi mwanzo?

Pampu: Mizunguko miwili.

Kinyozi: Mmoja na nusu. Niliona kwa jicho langu.

Pampu: Jicho lako lilikuwa kwenye kahawa.

Seremala alipiga kiki mpaka shati likamganda mgongoni. Nilimwonea huruma, kusema kweli. Kila mara alikuwa anatupia macho upande wa stendi.

Kinyozi: Unajua tatizo? Injini imezoea uzito wako peke yako. Imesikia habari za mkwe, imesusa.

Pampu: Acha upuuzi. Imeelekea nyumbani, ndiyo maana haitaki kwenda stendi. Igeuzeni.

Na tukaigeuza! Hata mimi niliweka chupa chini nikashika mkia. Tukiwa tumeinama hivyo wote, nikaona viatu vya kike vyenye vumbi vimesimama kando yetu, na begi kubwa.

Mama: Hamjambo, wanangu.

Seremala akasimama ghafla, bisibisi akaificha nyuma.

Seremala: Shi... shikamoo, mama.

Mama: Marahaba, baba. Basi liliwahi. Nikaona nisikae, nije taratibu huku naulizia.

Seremala: Nisamehe, mama. Nilikuwa nakuja. Tulikuwa tunaitengeneza kwanza.

Mama: Ilikuwa na ubovu gani?

Seremala akamtazama Pampu. Pampu akamtazama Kinyozi. Kinyozi akaanza kupuliza nywele kwenye mkasi ambao haukuwa na nywele. Mimi nikainua chupa nijifanye namimina, nikakuta tupu.

Mama akatusubiri kwa adabu. Kisha akapandisha begi lake kwenye kiti cha pikipiki.

Mama: Haya, baba, wewe shika usukani. Mimi nasukuma kwa nyuma.

Seremala: Mama, haiwezekani! Wewe ni mgeni.

Mama: Kama ningekuja ugeni ningekaa stendi. Twende, mwenzio anatusubiri.

Wakaondoka hivyo, mkwe mbele na mama nyuma. Kisha Seremala akasema neno, mama akamjibu, na walipokaribia kona tukamsikia mama yule anacheka, kicheko kirefu, mpaka akasimama kupumzika.

Kinyozi: Ingewaka wasingesikizana.

Pampu (anafuta mikono taratibu): Sasa mnaona. Nani kasema hatujaitengeneza?