Mpana Kisha Mwembamba: Risala ya Askari wa Zimamoto kwa Mstahiki Meya

Mgeni rasmi, Mstahiki Meya wetu. Mkurugenzi wa Manispaa. Mkuu wa Kikosi. Wahitimu kumi na wawili wa leo, pamoja na wazazi wenu mliofika hata kabla ya viti. Mabibi na mabwana:

Tunamshukuru Mungu kwa uzima uliotukutanisha katika uwanja huu, ambao tangu asubuhi umefagiliwa mara tatu kwa heshima yako.

UKARIBISHO

Karibu sana, Mheshimiwa. Umekuja kutuzindulia gari jipya la kuzimia moto, nasi tumeling'arisha mpaka dereva wetu ameanza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Furaha tuliyo nayo ni kubwa na hatuna sababu ya kuificha.

Kabla ya kuendelea, tunaomba radhi kwa jambo moja. Kwa kawaida risala husomwa na karani wetu. Hii inasomwa na mama ambaye hapa kituoni kila mtu humwita Mama Mipira, kwa kuwa ndiye anayeosha, kuanika na kukunja mipira yetu ya maji. Yeye mwenyewe hajaiona. Tumemkabidhi sasa hivi, tukamwambia ni salamu tu. Ukweli ni kwamba habari zilizomo ni zake, na jinsi tunavyomfahamu, akifika panapomsifu atataka kuruka. Mheshimiwa, nakala unayo mkononi. Akiruka, tafadhali mrudishe.

TULIKOTOKA

Mama Mipira aliingia hapa miaka kumi na moja iliyopita akiwa kibarua wa usafi, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu ambao haujabadilika hadi leo. Mpira ukitoka kwenye moto huja na tope, masizi na vipande vya vioo. Usipooshwa na kuanikwa kwenye mnara wetu wa kukaushia huoza, na siku ya haja hupasuka mikononi mwa mtu. Hakuna askari aliyeipenda kazi hiyo. Yeye aliipenda. Aliukagua kila mpira kwa viganja, kutoka kiungo cha chuma hadi kiungo kingine, huku akiimba, na akikuta tundu husema, "Pole, umeumia." Sisi tulimcheka, na tumeona vema jambo hilo liandikwe humu.

Stoo yake haina dirisha, na taa iliungua katika mwaka wake wa pili. Aliomba nyingine, akaambiwa asubiri. Akaona kusubiri hakutamkunjia mipira. Alikata vipande vya mpira mkuukuu, akavifunga kwa gundi na uzi wa fundi viatu karibu na kila kiungo: ukanda mmoja mpana, na mmoja mwembamba, daima kwa mpangilio uleule. Kwa kupapasa tu gizani alijua upande upi hufungwa kwenye gari na upi hupelekwa motoni. Sisi tulidhani ni viraka.

Sasa tuseme kosa letu, kwa maana ni kosa linalowapata watu wa kazi hii tu. Ndani ya moshi mzito askari haoni hata kiganja chake. Njia yake ya kutokea ni mpira aliouingiza: anaushika, anaufuata, anafika nje. Tabu ni kwamba mpira una ncha mbili, na ukishajizungusha chumbani, mtu hajui tena ipi ni ipi. Miaka mitatu iliyopita, asubuhi ya mazoezi, mwenzetu tunayemwita Tingatinga, mwenye mwili wa watu wawili na maneno ya watu wanne, aliingia kwenye ghala letu la mazoezi lililojaa moshi. Aliushika mpira akaufuata kwa kasi ya ajabu hadi ndani kabisa. Kengele ya mtungi wake ilipolia kwamba hewa inakwisha ndipo tukamfuata. Tulimkuta kwenye kona, amekumbatia mdomo wa mpira. Ungekuwa moto wa kweli, tungemzika.

Mama Mipira alikuwa mlangoni na ndoo yake.

"Baba, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nje, mama."

"Na ukanda hukuushika?"

"Ukanda gani?"

Aliitua ndoo chini. "Ina maana miaka yote hii mnaushika mpira kama kamba ya mbuzi? Ukianza kugusa mpana kisha mwembamba, unatoka. Ukianza mwembamba kisha mpana, geuka, unakwenda kufa."

Mkuu wa Kikosi hakuamini. Alimfunga macho kwa taulo, akamwingiza katikati ya ghala na gauni lake na kandambili zake, mpira ukiwa umezungushwa kwenye mapipa yote. Tukajipanga mlangoni tayari kuangua kicheko. Alitoka kabla hatujajipanga vizuri, na hapo aliyechekwa ni Tingatinga.

TULICHOFANIKIWA

Siku hiyohiyo Mkuu wa Kikosi alimwambia, "Mama, tufundishe." Mama Mipira alitusimulia baadaye alivyojiuliza. Yeye, aliyeishia darasa la tano, awafundishe watu wenye nyota mabegani? Alikubali kwa sharti moja, kwamba ndani ya ghala cheo kiachwe mlangoni.

Tangu hapo kila Jumanne ni darasa lake. Huvifunika vioo vya barakoa zetu kwa kitambaa cheusi. Huhamisha mapipa tukiwa tumeshaingia, jambo ambalo tunaliona ni uchokozi. Ukikimbia, anakurudisha mwanzo. "Acha pupa! Kidole kiseme kwanza, goti ndiyo lifuate!" Mkuu wa Kikosi mwenyewe amerudishwa mara nne, na yuko hapa, hawezi kukana. Wahitimu hawa kumi na wawili wote wametoka ghalani bila kuona, kila mmoja chini ya dakika tatu. Manispaa mbili za jirani zimeshaleta askari wao kujifunza, na wote walipofika waliuliza mkufunzi yuko wapi huku amesimama mbele yao na ndoo.

Halafu ikaja siku ya karakana ya magodoro. Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka huu, saa tisa alasiri. Sponji ikiwaka hutoa moshi mweusi unaoshuka toka darini hadi sakafuni kwa muda wa kuvaa buti. Mafundi cherehani kumi na saba walikuwa ghorofani. Tingatinga aliingia na wenzake watatu, wakawapata wote wamelala chini, wamejifunika mdomo kwa vitambaa. Walipogeuka kutoka, mlango haukuonekana, taa zetu hazikuonyesha kitu, na mpira ulikuwa umejizungusha kati ya mashine. Ngazi ilikuwa upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa moto.

Wakati huo Mama Mipira alikuwa kituoni, chini ya mnara, mikono imejaa sabuni. Mtu wa redio alimwita kwa sauti ambayo hajawahi kumwita nayo. Alifika akiwa bado anachuruzika maji. Redio ilikuwa kimya. Alisimama pale akijiuliza kama mikanda ile aliifunga sawasawa, kama uzi haukulegea kwa joto, kama kwenye mpira ule, ule mmoja tu, hakukosea akaanza na mwembamba. Kisha sauti ya Tingatinga ikatoka, nzito, anahema:

"Mpana... mwembamba. Shikeni mikanda, tunatoka."

Mama Mipira aliketi sakafuni akalia kwa sauti, na hakujali nani anamwona. Walitoka watu ishirini na mmoja, Mheshimiwa. Waliokuwa ndani walikuwa ishirini na mmoja.

KINACHOTUKWAZA

Gari hili jipya limekuja na mashine ya kukaushia mipira. Kwa hiyo imekuja barua, ya heshima kabisa, inayosema kazi ya vibarua wa kuosha mipira itakoma mwisho wa mwezi huu, yaani siku tisa kuanzia leo. Barua imemtaja kwa namba. Aliisoma, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha, akaendelea kuosha. Siku ile hakuimba, nasi hatukuwa na hamu ya chakula.

Mashine itakausha, hatubishi. Lakini mipira mipya iliyomo kwenye gari hili zuri haina ukanda hata mmoja, na mashine haina Jumanne. Tulipokwenda ofisini kuuliza, tulijibiwa kwamba mkufunzi sharti awe na cheti. Tukaomba kanuni, tukaisoma yote, mpaka sehemu ya chini ambayo watu huwa hawafiki. Inasema Mstahiki Meya aweza kumteua mtu asiye na cheti, iwapo ustadi wake umethibitishwa na aliowafunza. Sisi ndio aliotufunza. Saini zetu zote zimeambatishwa, ya Tingatinga ikiwa kubwa kuliko inavyotakiwa.

OMBI

Tulikuwa na maombi saba. Tumeyafuta sita, likiwamo la buti, ambalo tunaamini umejionea mwenyewe wakati wa gwaride. Lililobaki ni hili: kabla ya siku tisa kwisha, mama huyu anayekusomea ateuliwe kuwa mkufunzi wa kikosi, kwa ajira ya kudumu. Hatumwombei huruma, kwa kuwa hajawahi kuiomba. Tunaomba kwa ajili ya ngozi zetu.

Mama, pumua kidogo. Umebakiza mistari michache.

Mheshimiwa, kwenye safu ya nyuma kabisa wameketi watu kumi na saba ambao hawamo kwenye orodha ya wageni. Ni wale wa karakana ya magodoro. Wameomba ruhusa kazini, wakaja kwa miguu yao. Wametuambia hawakuja kulipigia gari makofi. Watasimama pale tu watakapomsikia mama huyu akitajwa kwa cheo chake. Cheo hicho hana bado. Tumekiandika sisi, chini ya jina la kikosi, naye atakitamka kwa mdomo wake. Kukifuta au kukiacha, ni juu ya kalamu yako.

Mungu akujalie afya, aitunze nyumba yako, na kila anayeingia motoni kwa ajili ya wenzake amrudishe kwake salama.

Ni sisi, askari thelathini na wanne wa Kikosi cha Zimamoto cha Manispaa, pamoja na wahitimu kumi na wawili.

Risala imesomwa kwenu na Mama Mipira, Mkufunzi.